Mwenye Wimbo

Mghoi alimpaka baba yake mafuta mapajani ili suruali ya ngozi ipande, huku amegeuza uso. Mzee Mwakio, mwanamuziki wa roki wa miaka sabini na sita, alikuwa anakwenda kuimba wimbo wake wa ujanani, "Tingatinga, Rudi Nyuma," kwenye sherehe ya wizara ya kuzindua matingatinga mapya.

"Baba, huoni haya?"

"Haya ya nini? Waziri mwenyewe anaujua wote. Hebu vuta zipu."

Kisheria, wimbo wa kupinga serikali ulikuwa wa aliyeuimba kwanza. Mwingine akiuanza bila ruhusa yake, kifaa alichopandikizwa kooni, kama raia wote, kilimzima sauti. Mwenyewe akifa, wimbo ulikuwa wa watu wote.

"Basi niandikie ruhusa," Mghoi alimsihi. "Kesho asubuhi wanabomoa nyumba za jirani zetu. Majirani wanataka kuuimba mbele ya mashine."

"Wimbo huo ndio uliokusomesha, mama. Leo niwagawie watu wauchoshe?"

"Umeshauchosha wewe!"

Mzee alicheka mpaka tumbo likamwagika juu ya mkanda. Jasho jeusi la rangi ya nywele lilimchuruzika shingoni.

"Lete dawa yangu ya presha, nisije nikafia jukwaani. Nachelewa."

Alikwenda, akarudi na kidonge mkononi. Baba alikinga kiganja. Mghoi alisimama mbele yake, akiifikiria kesho asubuhi.

"Vipi, mama?"

Ndipo Mghoi aliposhtuka kuona kwamba mkono wake bado umekifumba kidonge.