Rejeta ya Shaba

"Hii ni Ford, siyo, muzee?" Vestine aliuliza, akiinua picha mbele ya macho ya mzee Barnabé.

"Ford wapi!" Mzee alicheka mpaka kiti kikatoa mlio chini yake. "Angalia pua yake. Unaona hizi V mbili zimepinduliwa? Hii iko Citroën, ya zamani sana, wakati babu yangu alikuwa kijana. Lete ingine."

Angeline, jirani yao, alikuwa amefika mlangoni na bakuli la uji. Alisimama pale bila kubisha, maana kumwona mzee akicheka ilikuwa raha. Mtu huyu alikuwa hakumbuki alichokula asubuhi. Hakujua hata kwamba yuko Uganda, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Siku nyingine aliuliza njia ya kwenda gereji yake kule kwao Ngozi, Burundi. Lakini mwonyeshe picha ya gari la kale, akili yake hurudi nyumbani kama ng'ombe jioni.

Dawa hiyo waliipata hospitalini, mjini Mbarara. Angeline mwenyewe aliwasindikiza, akamsikia daktari kwa masikio yake: "Wewe onyesha yeye kitu alikuwa anapenda. Kama anauliza mtu mwenye alikufa, usiseme alikufa. Kwake hiyo itakuwa msiba mupya kila siku. Sema tu alisafiri." Wakati wa kurudi, Vestine alipitia studio moja ya picha katika mtaa wa Nyamityobora, akachapishiwa rundo zima la picha za magari ya kale kutoka kwenye mtandao.

Wala Vestine hakuwa binti yake. Hilo ndilo lililowashangaza watu wa Kashojwa, upande wao wa kambi. Vestine alifika kwa miguu mwaka ule wa kukimbia. Alitoka kwao na mtoto mgongoni, akaingia kambini mgongo mtupu, na hakumsimulia mtu. Claude, mtoto wa pekee wa mzee, alipokufa kwa malaria na mzee akabaki peke yake, ni Vestine aliyejitokeza kumfulia, kumpikia na kumlisha. Padri alimtaja kanisani. Wanawake walisema hata binti wa kumzaa asingeyaweza haya.

Jambo moja tu lilimsumbua Angeline, nalo ni kile kilio. Karibu kila siku, jua likishakuwa kali, mzee alilia kama watu wanavyolia makaburini, na kuta za udongo hazikuweza kukizuia.

"Ni ugonjwa," Vestine alimwambia siku zote. "Unampanda."

Sasa alikuwa ameinua picha nyingine.

"Hii ndiyo Ford!" mzee alisema. "Magurudumu ya miti. Na ukiona rejeta ya shaba namna hii, ujue iko ya mwanzo kabisa. Zilizofuata walizipaka nyeusi."

"Na hii?"

"Camion, lori ya mizigo. Chuma cha zamani. Lakini yangu ilikuwa kubwa kuliko hii. Siku tulikimbia nilipakia vyuma vyangu vyote, hata spana moja haikubaki."

"Na watu je, muzee? Barabarani kulikuwa na watu."

"Ee, wengi sana. Wanawake wanapiga mlango kwa mikono, watoto mgongoni. Nikapandisha kioo." Alisema bila haya wala majuto, kama anayetaja ukubwa wa injini. "Hakukuwa fasi."

"Hakukuwa fasi," Vestine alirudia taratibu, kama mtu anayeitikia sala. Akafunua picha ya mwisho.

Hii haikutoka studio. Kingo zake zilikuwa zimelika. Ilionyesha Ford kuukuu mbele ya gereji, na kijana ameshika usukani, meno yote nje.

"Hii niliifufua mimi!" mzee alipaza sauti. "Ilikuwa ya mapadri, imelala kwenye majani, kuku wanataga ndani. Na huyu ni Claude wangu! Claude yuko wapi? Mwite aje aone."

Angeline alimtazama Vestine, akingoja aseme amesafiri.

"Claude alikufa, muzee," Vestine alisema. "Tulimuzika."

Kilio kile kikatoka. Bakuli lilimponyoka Angeline; alikimbia akamkumbatia mzee, naye akawa anajipiga kifua, anauliza lini, anauliza nani alimwosha mwanawe, anauliza kwa nini yeye baba mtu hakuitwa. Aliuliza mpaka sauti ikakauka, kisha usingizi ukamchukua palepale kitini.

"Ulimi umekuteleza, dada," Angeline alisema, machozi yakimtoka. "Na hiyo picha iliingiaje humo? Ifiche. Itamuua."

"Nitaificha," Vestine alisema, akifuta uji sakafuni.

Angeline alitoka kwenda kuchota maji ya kumwosha uso. Aliporudi na ndoo alisikia kicheko kabla hajafika mlangoni. Mzee alikuwa ameamka. Chumvi ya machozi ilikuwa bado mashavuni, lakini macho yake yalikuwa meupe, hayana habari ya lolote.

"Wewe ni mutu muzuri sana, binti yangu," alikuwa anamwambia Vestine. "Umeniletea picha?"

"Nimekuletea, muzee. Za magari."

Vestine alizipanga mapajani pake, moja juu ya nyingine. Ile yenye kingo zilizolika akaichomeka chini kabisa. Kisha akavuta kiti chake karibu, apate kuuona vizuri uso wa mzee.