Josho la Mwanaidi

Mpango wao waliuokota kwenye filamu za kutisha: madirisha yapigiliwe mbao, mapipa yajazwe maji, na atakayeng'atwa na wafu apigwe shoka kichwani kabla naye hajaamka. Mwanaidi ndiye aliyelinoa shoka. "Usije ukanionea huruma," alimtania mumewe.

Sasa Mwanaidi alikuwa amekata roho kitandani, alama za meno begani.

"Shemeji, fanya haraka," kaka yake alisema nje ya mlango. "Tulikubaliana."

"Hatuziki mtu bila kumwosha, Shomvi," Kitwana alijibu.

"Kwenye filamu hawaoshi maiti!"

"Wala hawaombei."

Kitwana aliliegemeza shoka ukutani. Alimfunga mkewe taya kwa kitambaa cheupe, kama ilivyo desturi, ila alikaza fundo kuliko kawaida. Alimimina maji kwa kata, upande wa kulia kwanza, akisoma dua. Alipofika mkono wa kushoto, vidole baridi vilifumbata vyake taratibu.

Hakuuvuta mkono. Alichota maji mengine, akaendelea kuomba, ingawa hakujua tena alikuwa akimwombea nani.