Kadi Sita za Barabara Kuu

Kwa vipimo vya Jotham Wanyonyi, mpigapicha alisimama katikati ya duka la Veena, kati ya marobota ya vitambaa na cherehani ya miguu. Hapo ndipo mistari yote ilipokutana. Alikuwa ameichora upya mara tatu, na mara zote tatu kamera ilisimama palepale.

Ndiyo maana duka lilikuwa livunjwe.

"Rudia, mzee," Veena alisema. Alikuwa ameushika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

Jotham alizipanga kadi sita za posta mbele yake. Zote zilionyesha barabara kuu ya Kitale. Ya kwanza ilikuwa na muhuri wa mwaka 1927, ya mwisho wa 1930. Alikuwa amezikusanya kule kwake Bungoma kwa miaka thelathini, tangu alipokuwa mpima ardhi, na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja zingebomoa jengo.

"Duka lako liko kwenye mdomo wa barabara, linaitazama," alisema. "Picha hizi zimepigwa kutoka hapo mdomoni. Nimepima kwa kona ya posta ya zamani, kwa stesheni na kwa kilele cha Elgon. Kamera inaangukia ndani ya kuta zako. Mtu hapigi picha kupitia ukuta. Kwa hiyo mwaka 1930 ukuta haukuwepo. Palikuwa uwanja mtupu."

Sharti la kamati ya upanuzi wa barabara, iliyomwajiri Jotham, lilikuwa fupi: jengo lililosimama kabla ya mwisho wa 1930 lingekwepwa; la baada ya hapo lingeondolewa. Hati za Veena ziliungua zamani pamoja na kabati la babu yake. Alichobakiwa nacho ni tarakimu 1926, zilizochongwa kwenye ukuta wa mbele, juu ya roshani yenye tausi wawili wa chuma kwenye reli.

"Si babu mwenyewe aliandika pale?" Veena aliuliza.

"Hata mimi naweza kuandika 1826, bana," alisema Dancan, msimamizi wa mkandarasi, akiwa mlangoni. Nyuma yake tingatinga lilikuwa likinguruma. Dereva alikataa kulizima, ati betri ni mbovu, na vioo vya duka vilikuwa vikitetemeka tangu saa nane. "Mzee, tia sahihi kwenye ripoti. Ofisi inafungwa saa kumi, na sasa ni tisa na nusu."

Jotham hakupenda kuharakishwa. Alichukua lenzi yake akaipitia kadi ya 1927 kwa mara ya mwisho. Mabati ya paa za maduka. Migongo ya ng'ombe kumi na sita wakivuta gari la mizigo. Kofia za watu, si nyuso zao. Chini kushoto, doa jeusi lenye umbo la kulabu. Lilikuwa kwenye kadi zote sita, na katika ripoti alikuwa ameliandika: kasoro ya kamera.

Akatia sahihi.

Veena alifumba macho, akayafumbua. "Mwenye duka ni mama. Notisi ni yake. Na mama hashuki ngazi tena, magoti yamekataa."

"Tupande basi," Dancan alisema.

Jotham alikuwa amelipima jengo hilo kwa siku mbili, nje na ndani, hadi sentimita ya mwisho. Huko juu hakuwa amefika. Kiwanja hupimwa chini.

Mohini, mama yake Veena, mwenye miaka themanini na sita, alikuwa ameketi kwenye roshani, iliyoingia ndani juu ya duka, karibu na sinia la pilipili alizoanika. Dancan alichuchumaa mbele yake na kibweta cha wino.

"Shosho, ni kidole tu. Hapa. Haiumi."

"Kidole ya nini? Mimi nimesoma. Lete kalamu." Alimtazama Jotham. "Lakini kwanza nione hiyo picha inavunja nyumba yangu."

"Saa inaenda, shosho."

"Imeenda miaka themanini na sita, kijana. Wewe ngoja."

Jotham alimpa kadi ya 1927. Katika kesi zote za mashamba alizotolea ushahidi, hakuwahi kumficha mtu kile kilichomshinda.

Mohini aliileta kadi karibu na pua, akakunja uso. Macho yake hayakuwa na kazi tena na vitu vya karibu. Akanyanyuka kwa kushikilia nguzo, akaunyoosha mkono kuelekea reli ya roshani, hadi kiwiko kikakaza. Aliisogeza kadi kulia. Akaishusha kidogo, taratibu, kama mtu anayetundika picha ukutani. Kisha mkono ukatulia.

"Veena, njoo. Hii ndiyo mimi naona kila asubuhi nikianika pilipili."

"Ametia sahihi?" Dancan aliuliza. "Mzee? Ametia?"

Jotham alikuwa ameinama nyuma ya bega la Mohini, jicho moja limefumbwa. Kona ya posta ya kwenye kadi iliungana na kona ya posta ya kule chini barabarani. Mgongo wa Elgon ulitoka kwenye karatasi ukaendelea angani bila kukatika. Na chini kushoto, kulabu nyeusi ilitua juu ya tausi wa chuma, ikamfunika kuanzia shingo hadi ncha ya mdomo.