Kifungo cha Pili Kutoka Juu

"Haya mkwe, tuambie," alisema baba mdogo wa marehemu. "Mumeo alitaka azikwe wapi?"

Lipuo alikuwa ameketi kwenye godoro la mjane, blanketi limemfunika mabega. Ukoo mzima ulimtazama yeye. Ng'ombe wa mazishi alikwishachinjwa, na kaburi halijachimbwa.

"Wosia alikuachia wewe, shemeji," alidakia mdogo wa marehemu. "Aliniambia mwenyewe. Asubuhi ile alipokuwa anarudi mgodini."

Asubuhi ile Lipuo aliikumbuka vizuri. Mumewe alisimama mlangoni, basi linapiga honi, naye Lipuo anamshonea kifungo shati likiwa mwilini. Kifungo cha pili kutoka juu, cheupe, chenye matundu manne, na tundu moja limeziba, sindano haipiti. Aliukumbuka uzi wa buluu. Alilikumbuka koo la mumewe likipanda na kushuka kwa kila neno. Koo aliliona; maneno yalimpita juu ya kichwa.

"Umenisikia lakini?" mumewe aliuliza.

"Nimekusikia, tulia nisikuchome," alimjibu, akakata uzi kwa meno.

Sasa kila alipoyatafuta maneno yale, alikipata kifungo. Alisema kule milimani Quthing, kando ya baba yake? Au hapa mjini, kando ya kaburi la mtoto wao?

"Mkwe, watu wanangoja."

"Kando ya mtoto," akasema Lipuo.

Wanaume wakainuka kuchukua majembe. Yeye akabaki ametumbua macho, hajui kama amemsikia mumewe au amejisikia mwenyewe.