Mara Moja Ndiyo, Mara Mbili Hapana

Taa ndogo ya tatu nayo iliungua. Ilimulika kwa nguvu, ikazima, ikaacha harufu ya plastiki juu ya meza ya jikoni.

Mshonaji alishika kichwa. Katika maisha yake alikuwa amezoea sindano na uzi; mambo ya nyaya yalikuwa ya Fundi. Sasa Fundi, aliyetengeneza redio za mtaa mzima, alikuwa amelala chali chumba cha pili. Ulimi haukusema, miguu haikuenda. Tangu kiharusi kilipomwangusha, kilichobaki hai ni kidole kimoja cha mkono wa kushoto.

Ni kidole hicho kilichomkosesha mshonaji usingizi. Kila akimwita, kilicheza. Alipomwambia mdogo wake Fundi, yule bwana alitikisa kichwa.

"Shemeji, usijitese. Kaka ameshaondoka, hapo umebaki mwili tu. Tia sahihi apelekwe kwenye nyumba ya wagonjwa, nawe upumzike."

"Sitii."

"Basi ataamua daktari. Nimemwomba aje kesho saa nne asubuhi. Akiandika kwamba kaka hajitambui, sahihi yako haitahitajika tena."

Hakuwa mtu mbaya, mdogo wake Fundi. Miezi mitatu alikuwa akija kila siku kumgeuza kaka yake kitandani, na mgongo ulikuwa umemwisha.

Mshonaji alirudi kwenye daftari la zamani la Fundi, lenye michoro ya penseli na mwandiko wa kukimbia. Akasoma polepole, kidole juu ya mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Mguu mrefu wa taa uende upande wa chanya. Kabla ya taa, weka rezista, umeme usije na pupa. Kumbe ndiyo hiyo! Yeye alikuwa akiunganisha taa moja kwa moja na betri kubwa ya mraba, tena bila rezista. Safari hii alichukua betri mbili za tochi, akatafuta rezista kwenye kopo la vikorokoro, akakata kipande cha waya kwa mkasi wake wa nguo, mkasi ambao hakuwahi kumruhusu mtu autumie kukatia hata karatasi. Kitufe alikitoa kwenye kengele mbovu ya mlango.

Akabonyeza. Nukta nyekundu ikawaka, ikatulia.

Alikaa akiitazama, machozi yakimtoka, huku akicheka peke yake kama mwehu.

Kitufe alikiweka chini ya kile kidole, akakifunga kwa utepe ili kisiteleze. "Fundi, unanisikia? Mara moja ndiyo, mara mbili hapana."

Taa ikawaka mara moja.

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akamuuliza kama ana maumivu. Mara mbili. Kama anataka maji. Mara moja. Akamnywesha kwa kijiko, akamfuta kidevu, kisha akapiga moyo konde.

"Umechukia mimi kuwa hapa?"

Alingoja. Kidole hakikusogea. Akazima taa ya chumba, akaenda kujilaza kwenye kochi la sebuleni, mahali alipolala miezi yote hiyo, nguo zake zikiwa bado zimejazana kwenye begi.

Asubuhi daktari alikitazama kile kifaa kwa heshima lakini bila imani. "Mama, misuli ya mgonjwa hujikaza yenyewe. Inaweza kukudanganya."

"Muulize wewe mwenyewe."

Daktari akavuta kiti, kalamu mkononi. "Mzee, sasa hivi ni usiku?"

Mara mbili.

"Mdogo wako yumo humu chumbani?"

Mara moja. Mdogo mtu akasogea karibu, mdomo wazi.

"Ulikuwa dereva?"

Mara mbili. "Ulikuwa fundi redio?" Mara moja, upesi, kama mtu aliyechoshwa na maswali ya kitoto. Mdogo wake alishindwa kujizuia. "Kaka! Kumbe upo?" Taa ikawaka, na yule bwana akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka.

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, mshonaji alivuta pumzi mpaka chini kabisa.

"La mwisho," daktari alisema kwa upole, sasa naye akitabasamu. Akamnyooshea mshonaji kalamu. "Huyu hapa ni mke wako?"

Taa ikawaka. Ikazima. Ikawaka tena.

Tabasamu la daktari likayeyuka. Akarudia swali, neno kwa neno, akisogeza uso ili mgonjwa amwone vizuri. Mara mbili tena, bila kusita.

Mdogo mtu alijifuta uso kwa kiganja, akamtazama shemeji yake kwa huruma iliyochanganyika na haya. "Ilikuwa bahati tu," alinong'ona. "Miaka ishirini na nane ya ndoa, jamani, na hamtambui mkewe."

Daktari akafungua jalada, akaanza kuandika.

Mshonaji alikitazama kile kidole, kimetulia juu ya kitufe. Akasimama, akauweka mkono wake juu ya ile karatasi.

"Usiandike, daktari."

"Pole, mama. Najua inauma."

"Hajakosea hata swali moja," alisema. "Hakimu alituachanisha wiki sita kabla hajaanguka. Hatukumwambia mtu."