Kaburi Nyuma ya Soko

"Mama, hili kaburi ni la nani?" Mzee Mutalemwa aliuliza tena. Laurensia akaendelea kung'oa majani kaburini kana kwamba hajasikia.

Kamati ya historia ya mtaa, ambayo Mutalemwa alikuwa mwenyekiti wake, ilikuwa imemaliza nyumba zote nyuma ya soko la Nyaishozi isipokuwa hii. Mwaka huo, 1991, viwanja vilikuwa vinakaribia kupimwa, na wakazi wenyewe walitakiwa kueleza nani alianza kukaa wapi. Asiye na mizizi angeondoka. Mizizi waliipima kwa kanuni ya wazee: penye kaburi hapaguswi, pana wenyewe.

Laurensia alitoka Rwanda akiwa msichana. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alipewa zamani, akalima migomba na kahawa mpaka mgongo ukapinda. Mumewe alifia kibaruani, mbali huko Kamuli, akazikwa hukohuko. Mtoto hakujaliwa. Wa kumtetea alibaki marehemu huyu tu, na sasa wanamuuliza jina lake.

Celestin, katibu wa kamati, naye mtoto wa wakimbizi, alimwinamia. "Mama, sema kweli tu. Kaburi ni kaburi."

Laurensia alijifuta mikono kwenye kanga.

"Jina lake silijui. Mwaka sabini na nane, watu walipokimbia vita kutoka Kyaka, alianguka hapo mlangoni, mgonjwa, hata kusema hawezi. Nilimuuguza, akanifia. Nikamfunika shuka langu la harusi, nikamzika. Ningemtupa wapi?"

"Alikuwaje?" Sauti ya Mutalemwa ilikuwa imeshuka.

"Mrefu. Mguu wa kushoto alikuwa na vidole sita."

Mutalemwa aliketi chini, kwenye udongo. Mdogo wake, Rwegoshora, alikuwa na duka Kyaka. Tangu vita hakuna aliyeleta habari zake, na mama yao alikufa akiuliza. Kuhusu mguu ule, nyumba nzima ilikuwa ikimtania tangu utotoni.

Mzee alilia kwa sauti, bila aibu. Wanakamati wakavua kofia. Celestin naye machozi yalimlenga, lakini moyoni alifurahi: wema hauozi, wamesema wahenga, na leo alikuwa anauona kwa macho yake.

"Asante, mama," Mutalemwa alisema, amemshika Laurensia mikono yote miwili. "Umemzika kama mlitoka tumbo moja. Mungu akulipe."

"Kwa hiyo nitabaki, mzee?"

Mutalemwa alimwachia mikono. Alisimama, akajipangusa suruali, akaitazama migomba, kahawa, na nyumba yenye bati jipya. Kisha akamgeukia katibu.

"Celestin, andika. Kibanja hiki ni cha ukoo wetu, ukoo wa Rwegoshora."

Kalamu ya Celestin haikusogea. Mzee alimrudia Laurensia na kusema kwa upole, kama mtu anayezungumza na dada yake:

"Kahawa vuna yote kwanza, mama. Sisi hatuna haraka."