Gari Lolote Ila la Bluu

“Kata kushoto hapo kwenye mashine ya kusaga, braza,” alisema kuli aliyekuja kunikodi kijiweni Bunju.

Nilikata. Mtaa ule ni wa kwetu. Nikajiambia labda jirani anahama.

Rangi nyeupe ilikuwa bado imeniganda kwenye kucha. Kenta langu la mtumba la kubebea mizigo lilikuwa la bluu tangu nilinunue. Jana nililipaka nyeupe, nikalala humohumo kijiweni kulilinda, kama ninavyolalaga siku nyingi.

“Mwenye mzigo naye ana masharti!” kuli alicheka. “Eti nilete gari lolote, ila la bluu nisilisogelee.”

Mguu wangu uliitafuta breki, ukaikosa, ukaitafuta tena.

“Hapohapo, kwenye geti jekundu.”

Kitanda chetu kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kimefungwa kwa kamba zangu za mizigo. Zuena, mke wangu, alikuwa amekalia godoro lililokunjwa, amempakata mwanetu. Jua lilipiga kwenye kioo cha mbele, hakuniona.

“Geuza braza, rudi kinyumenyume tupakie.”

Niliingiza rivasi. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona Zuena anasimama, anakung'uta kanga, analifuata gari huku anatabasamu.